Gurudumu la Mbele, Upande wa Kulia

Mwanangu Tupokigwe,

Kabla sijakusalimu, naomba radhi kwa kukuita mwanangu, kwani kwa desturi yetu mimi ni baba mkwe wako, na kinywa changu hakikupaswa hata kulitaja jina lako. Naomba radhi pia kwa weusi ulio pembeni mwa karatasi hii. Nimenawa kwa sabuni na kwa ndimu, lakini vumbi la breki halitoki vidoleni upesi. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Ugonile, mwanangu. Nakuamkia mapema, kwa kuwa utakapoisoma barua hii patakuwa pamekucha na watakuwa wanakungoja uondoke.

Nitaiweka ndani ya ndoo na kuifunika kwa tambara ulilosugulia rimu. Ndoo hiyo imesikia mengi kati yetu, wala simwoni mjumbe mwingine anayestahili.

Sitakueleza namna ya kufunga mizigo, wala namna ya kuingia kwa wazee wako huko Busale. Mama yako alikufundisha hayo kabla hujaja kwetu. Ninayotaka kukuambia ni yale niliyonyamaza nayo mchana wa leo, nilipokuwa nimesimama nyuma ya migomba, hatua chache kutoka ulipokuwa umepiga magoti, nikiwa na masikio mazima na ulimi mzima.

Uliletwa hapa umejifunika khanga, na tangu siku ile sijauona uso wako. Nakujua kwa mwendo wa kandambili zako na kwa namna unavyoweka sufuria chini bila kishindo. Nikitokea njiani, wewe hupita kando. Ukiwa jikoni, mimi huzunguka kwa nyuma. Vijana wanaicheka desturi hii, na mchungaji mwenyewe alitamka kanisani kwamba Wakristo hawafungwi nayo tena. Ziko nyumba ambamo baba mkwe na mkaza mwana wanakula meza moja. Mimi nimebaki nayo, na yamkini ulidhani ni kiburi. Niruhusu nikueleze.

Marehemu mke wangu, ambaye hukujaliwa kumkuta, aliolewa baba yangu akiwa hai. Baba alikuwa na mchezo wake. Alijificha nyuma ya mianzi, njia ya mtoni, akangoja mpaka yule binti apande na mtungi uliojaa, kisha akakohoa. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuonana naye, ilimpasa mke wangu ajitupe pembeni penye upupu na miiba, na mtungi ukavunjika. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika nyumbani alimuuliza mama kwa sauti ya kusikika kote: "Huyu mliyeniletea ni mwanamke, au ni mvunja mitungi?"

Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni, nikiwa na kaptura iliyopigwa pasi, naimba nyimbo kwa sauti ya tatu, na nilicheka pamoja na baba yangu. Mke wangu alinisikia. Hakunisuta siku ile wala mwaka ule. Katika ugonjwa wake wa mwisho ndipo aliponivuta mkono na kuniambia, "Siku ukipata mkaza mwana, wewe kohoa mapema."

Basi nimekuwa nikikohoa mapema. Tangu kwenye mikakao kule chini nilianza kukohoa, ili upate nafasi ya kumaliza ulichokuwa unafanya na kuondoka polepole kama mtu mwenye heshima yake. Watu wakadhani nina kifua. Binti yangu Atupele aliniletea dawa kutoka dukani kwake mjini, na nimeinywa, maana sikutaka kumweleza.

Yule mbuzi alikuja baadaye. Unakumbuka ilivyoanza. Ulikuwa unaanua mpunga, nami niliona wingu linakuja kutoka ziwani, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nikamgeukia mbuzi aliyefungwa mgombani, yule tuliyempa jina la Karani kwa sababu alikula kurasa za kitabu changu cha nyimbo, nikamwambia, "Karani, mvua hiyo haitaniuliza mimi wala wewe." Nawe ukaigeukia ndoo ukasema, "Ndoo, mwambie Karani mikeka ni mingi na mikono ni miwili, asaidie basi." Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tangu hapo tumezungumza, mwanangu, na hakuna awezaye kusema tumezungumza.

Ila njia hiyohiyo niliitumia kukuumiza. Karani alipozaa mapacha, nilimpapasa kichwa nikasema kwa sauti, "Wewe Karani, ashukuriwe Mungu, kila mwaka hutuangushi." Nilijua uko upande wa pili wa migomba unachambua mboga. Nilitamani mjukuu, na sikuwa na ujasiri wa kutamani kimyakimya. Ndoo haikujibu siku ile, wala kesho yake, na mimi nikajidanganya kwamba hukusikia. Baba yangu alikohoa kwa kuchelewa. Mimi nilisema na mbuzi. Sioni tofauti kubwa, isipokuwa mimi nilikuwa na adabu.

Kuhusu mume wako, mwanangu Ambokile, nakuomba unisamehe nikisema waziwazi. Ruksa ilipokuja, ya kila mtu kununua na kuuza, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza pale mpakani Kasumulu kuvusha sabuni na mafuta ya kula. Sisi tuliopanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni tulimwona kama mtu aliyepasua mwamba ukatoa maji. Aliponunua gari lile lililotumika ng'ambo, lenye rimu za kung'aa, alilifuta kila jioni kwa kitambaa cha flana. Kisha akazoea. Akawa anateremka nalo mteremko wa Tukuyu amelemea breki mguu mzima, hafungui gurudumu, haangalii pedi za breki. Rimu zikaanza kuwa za kijivu, halafu kahawia, halafu nyeusi. Alipopata gari kubwa zaidi, na yule mwanamke wa Mbeya, akaliacha hili chini ya banda la kukaushia kakao, mvua za Kyela zikaligandisha lile vumbi likawa gamba. Siku aliyoliacha gari hapa ndiyo siku aliyokuacha wewe. Sisi sote tuliliona gari tu.

Nilimlea mimi. Alipokuwa shule aliiacha baiskeli yangu mvuani mpaka mnyororo ukashika kutu, na nilipomuuliza alijibu, "Mama alikuwa karibu nayo." Nilikwenda nikausafisha mnyororo mwenyewe, usiku kucha, kwa sababu nilipenda kuwa mzazi mpole. Kila alichochafua nilikisafisha. Ndivyo alivyokua akiamini kwamba kitu kikiharibika, mwenye kosa ni yule aliye karibu nacho.

Ndiyo maana sikushangaa ujumbe wake alioleta Atupele mwanzoni mwa juma hili, ingawa niliona aibu. Alisimama uani, dereva aliyetumwa kutoka Mbeya yuko nyuma yake, akasema, "Kaka anataka gari. Anataka rimu ziwe kama alivyozinunua. Aliyekaa nazo zikachakaa ndiye atakayezisafisha. Akimaliza, dereva atampitisha kwao Busale na vyombo vyake." Alisema kana kwamba anaagiza chumvi. Nawe ulijibu, "Nimesikia, wifi," ukaenda kuchota maji.

Siku hizo za kuosha, mwanangu, zilikuwa za kikatili, lakini nakiri kwamba nilizifurahia kwa sababu tulizungumza kuliko mwaka mzima. Niliendesha gari la zahanati ya misheni mpaka nilipozeeka. Gurudumu chafu ndilo somo pekee ninaloweza kulifundisha bila kuchungulia daftari.

"Karani," nilisema, "vumbi la breki halikwanguliwi likiwa kavu. Litaingia kifuani, na lina moto wake. Lilowanishe kwanza."

"Ndoo," ulisema, "mbuzi anafundishwa udereva. Akifaulu atupeleke Kasumulu."

"Karani asitumie majivu. Niliwahi kusugua masufuria ya alumini ya sista kwa majivu ya maganda ya kakao, yakawa meusi kuliko mwanzo, na sista akalia. Rimu hizi ni ndugu wa masufuria yale."

"Ndoo, muulize Karani sista alilia kwa Kijerumani au kwa Kinyakyusa."

Ukafunika rimu kwa matambara yaliyoloweshwa maji ya sabuni, ukayaacha mpaka gamba likalainika. Ukachonga ubapa wa mwanzi, kwa kuwa chuma kingekwaruza, ukatoa yale mabonge kwenye kona za rimu. Madoa ya kutu ukayapaka ndimu, ukasuuza, ukarudia. Mwisho ukasugua kwa pumba laini za mpunga ndani ya kitambaa. Niliona mikono yako tu kati ya majani. Rimu ya kwanza ilipotoa mwanga, mikono yako ilitulia juu yake, halafu ukaiambia ndoo, "Kumbe ilikuwa nzuri." Sikujua unazungumzia nini, na sikuthubutu kumuuliza mbuzi.

Kisha tukafika kwenye gurudumu la mbele, upande wa kulia. Gamba lake lilikuwa mara mbili ya mengine. Nikamwambia Karani kwamba gurudumu linalokuwa chafu kuliko ndugu zake ndilo ambalo breki yake imeshika na haiachii. Pedi inasagika njia nzima, na unga wake ndio huo. Uchafu ule ulikuwa unasema neno. Nikamwambia asiliguse, dereva alione kwanza. Ukashukuru, "Ndaga, Karani." Ukaliacha.

Leo mchana Atupele akaja kukagua. Alizunguka gari pamoja na dereva, akasimama pale.

"Na hili je?"

Ukaendelea kukamua tambara.

"Nakuuliza, wifi. Matatu yanang'aa, la nne kama chungu cha pombe. Mkono uliishiwa?"

"Liache kwanza, wifi. Dereva aliangalie."

"Aangalie nini, uvivu? Na wewe mambo ya gari umeambiwa na nani?"

Hapo, Tupokigwe, ungeweza kusema: baba mkwe. Ungeokoka palepale. Lakini ulijua wangesema nini, kwamba mzee mjane anazungumza mgombani na mke wa mwanawe huku mwanawe hayupo. Ulilipima jina langu na vidole vyako ambavyo vingelipa, ukasema, "Hakuna aliyeniambia."

"Basi," akasema binti yangu. "Tumbo lilikushinda, na gurudumu nalo likushinde? Mwenzako wa Mbeya lake keshalijaza. Ndiye atakayekaa kiti cha mbele, na hatapanda gari lenye guu moja la kidonda." Dereva alitazama viatu vyake. Atupele akatoa kwenye mkoba chupa ya maji makali ya betri, akamimina juu ya rimu na juu ya tambara, akakutupia. "Sugua. Hiyo haina ubishi."

Ulisugua bila kitu cha kukinga mikono. Nilisikia unavuta pumzi kwa meno. Nilikuwa na nafasi ya kukohoa, mwanangu. Kikohozi kimoja tu, nao wangejua nipo, na Atupele angenyamaza kwa aibu. Koo langu, ambalo limekohoa kwa ajili ya mambo madogo tangu uingie hapa, lilikauka. Nilijihurumia. Nilifikiria watakavyonitazama kanisani. Karani alikuwa ananitazama, na hata yeye nilimgeuzia uso. Gurudumu likawa jeupe kama mengine, na lile neno lililokuwa juu yake likafutika.

Walipoingia kula nilichukua jeki na spana nikalifungua. Pini za breki zilikuwa zimeganda kwa kutu, na pedi ya ndani ilikuwa imeliwa karibu na chuma. Nilizilegeza pini, nikazisafisha, nikazipaka grisi. Dereva alinikuta chini ya gari. "Mzee, unatafuta nini? Rimu ziko kama kioo." Nikampa ile pedi mkononi. Aliigeuza, akaacha kutabasamu. "Shikamoo, mzee," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Halafu akasema, "Lingebaki chafu, ningejua mwenyewe." Nikamwambia kuna mtu aliyetaka libaki chafu ili ajue, na kwamba vidole vyake vimeungua kwa ajili hiyo. Hakuuliza ni nani. Ameahidi kupitia mjini kununua pedi mpya kabla ya kugeukia Busale. Mhimize. Msitoke mjini kabla hujaziona zimefungwa.

Najua nilichofanya. Nimelitengeneza gari la yule atakayekaa mahali pako. Dereva yule ana mama yake, na wewe utakuwa ndani, kwa hiyo singeweza kufanya vinginevyo. Lakini sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Sasa nivumilie kwa maneno makali. Usimngoje Ambokile. Mwanangu harudii kitu alichokiacha. Huagiza kiletwe kikiwa safi. Ipo siku biashara itamchoka, au yule mwanamke atamchoka, naye atatuma mtu Busale na maneno matamu. Wakati huo utakuwa umepumzika, uso wako umerudi, na watu watakushauri uwe na moyo wa Kikristo. Nami huenda nitakuwa hai na dhaifu, na nitatamani urudi, kwa kuwa nimezoea sauti yako. Hata mimi nikituma barua siku hiyo, usiitii. Hii ndiyo niliyoiandika nikiwa na akili zangu.

Huko kwenu watafurahi kwa juma moja. Baadaye mtu atahesabu vyungu, atasema umerudi mtupu. Ataanza shangazi, kwa mzaha. Sina dawa ya hilo. Ninachojua ni kwamba waliosema mke wangu ni mvunja mitungi hawakuwahi kubeba mtungi, na mimi niliyewachekea ndiye niliyekuja kumwogesha mwishoni, na hakuna maji yaliyotosha. Vidole vyako vipake mawese, nisamehe kwa kukuelekeza jambo dogo.

Limebaki la kesho. Mdogo wangu alikuja jioni kama mkubwa wa kikao, akaniambia mbele ya Atupele: "Kaka, kesho atakapoondoka umsalimie kwa mkono, uso kwa uso, watu waone. Ukishamshika mkono si mkaza mwana wako tena. Yaishe kwa heshima." Atupele akaongeza, "Baba, mtoke hadharani, msijifiche kama siku zote." Niliwajibu kwamba nimesikia.

Karibu kila siku nimetamani kuuona uso wako. Ningependa kujua kama unacheka kwa macho, kama mke wangu, au kwa mdomo tu. Kesho wananipa ruhusa hiyo, na bei yake ni kukubali kwamba wewe si wa nyumba hii tena. Sitaichukua.

Wataniita, na sitakuja. Watakutazama kwa huruma ya uongo, na Atupele hatakosa kusema, "Umeona? Hata mzee amekukataa, mkono tu kakunyima." Utasimama peke yako uani na ndoo yako, kwa sababu yangu tena, na ninakuomba msamaha mapema kwa dakika hizo. Ndoo ichukue; atakayesema ni ya hapa aje kwangu. Utakapofika penye migomba, karibu na Karani, nitakuwa nimesimama pale nimekupa mgongo, kama baba mkwe yeyote anayempisha mkaza mwana wake.

Nitakohoa mapema, na kwa nguvu, wote wasikie. Usikimbie. Pita polepole.

Mimi,
baba mkwe wako